Mbwa Anabaki, Wewe Unasafiri: Panga Pesa za Kumtunza Kabla ya Kufunga Geti

Likizo ndefu ya Novemba na Desemba ikifika, familia nyingi hufunga nyumba na kuelekea ushago, Mombasa au hata nje ya nchi. Watoto wana viti vyao kwenye gari, mizigo ina nafasi yake kwenye buti, lakini mbwa hana mahali. Mabasi na matatu nyingi hazimbebi, hoteli nyingi hazimtaki, na kule nyumbani kwa wazee tayari kuna mbwa wengine ambao hawatafurahia mgeni. Swali linabaki: nani atamtunza kwa wiki tatu, na atalipwa vipi?

Zamani jibu lilikuwa fupi. Mlinzi wa geti aliachiwa pesa kidogo na mfuko wa unga, mambo yakaisha. Siku hizi kuna vituo vya kutunza mbwa, kuna madaktari wa mifugo wanaolaza mbwa kwenye kliniki zao, na kuna watu wanaowachukua nyumbani kwao kwa malipo ya kila siku. Karibu wote wanalipwa kwa simu. Hapo ndipo sisi tunapoingia.

Kazi yetu ni malipo, si mifugo. Lakini mpango wa malipo ukiwa mbaya, anayeumia ni mbwa. Ushauri wetu ni huu: pesa za kawaida zilipwe kidogo kidogo, kwa kufuata kazi inayofanyika. Pesa za dharura zipangwe mapema, ili zikihitajika zitoke kwa dakika chache. Wengi hufanya kinyume. Hulipa zote siku ya kwanza, halafu mbwa akiugua usiku wa manane wanaanza kutafuta pesa na kubishana kwa simu.

Anza na kadi ya chanjo

Kituo kizuri kitakuuliza kadi ya chanjo kabla ya kukuambia bei. Kisipouliza, jiulize mbwa wa wengine waliomo humo wana hali gani.

Ya kwanza ni chanjo ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili, iwe kwa mbwa au kwa binadamu, karibu kila mara unaua. Shirika la Afya Duniani linasema mbwa ndio chanzo cha hadi asilimia 99 ya visa vya kichaa kwa binadamu, na Kenya imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya binadamu vinavyotokana na kichaa cha mbwa kufikia mwaka wa 2030. Kwa hivyo hii si karatasi tu ya kufurahisha kituo. Inamlinda pia yule kijana atakayempa mbwa wako chakula kila asubuhi.

Kuna pia parvo, ambayo huharisha na kutapisha watoto wa mbwa hadi kuwaua. Virusi vyake vinaweza kukaa kwenye udongo kwa miezi mingi. Kuna na kikohozi kinachoenea haraka mahali mbwa wengi wanapokaa pamoja. Chanjo hazifanyi kazi siku ileile zinapochomwa, kwa hivyo usingoje wiki ya safari. Mpeleke kwa daktari angalau mwezi mmoja kabla, na umwombe amwekee pia dawa ya kupe, viroboto na minyoo.

Kama mbwa wako ni jike na hajafungwa uzazi, hesabu tarehe. Jike wengi huingia kwenye joto karibu mara mbili kwa mwaka, na kila mara huchukua kama wiki tatu. Likizo yako ikiangukia hapo, kiambie kituo wazi. Usipokiambia, unaweza kurudi na kuanza mwaka ukilea watoto wa mbwa ambao hukuwapangia.

Kituo, jirani au mlinzi?

Kituo kinafaa mbwa aliyezoea wenzake na safari yako ikiwa ndefu. Kliniki inafaa mbwa mzee au anayemeza dawa kila siku. Mbwa mwoga, au yule wa kulinda boma ambaye hajawahi kulala kwingine, mara nyingi ni heri abaki nyumbani na mtu anayemjua.

Ukimwachia mlinzi, jirani au kijana wa kazi, kuna kosa moja linalorudiwa kila mwaka: kutuma pesa zote kwa mafungu yaliyochanganywa. Unatuma shilingi 6,000 na kusema, "Hizi ni zako na za mbwa." Siku ya tano kuna karo, kuna mgonjwa kwao, kuna nauli ya Krismasi. Pesa zimeisha na mbwa anakula ugali mkavu. Si lazima huyo mtu awe mwizi. Ni pesa ambazo hazikuwa na jina.

Dawa ni rahisi. Malipo ya mtu yaende kwa mtu. Malipo ya chakula yaende moja kwa moja kwa muuzaji. Bucha ya mtaani ina nambari ya Till, duka la chakula cha mifugo pia linayo. Kubaliana na mwenye bucha: kila Jumatatu unalipa ukiwa uliko, mlinzi anapita kuchukua mabaki ya nyama na mifupa mibichi. Mlinzi haombwi kushika pesa za mbwa, wala huna haja ya kumshuku. Heshima inabaki pande zote mbili.

Ona kwanza, lipa baadaye

Msimu wa likizo ni msimu wa wakora pia. Tangazo linakuja kwenye mitandao: picha za nyasi za kijani, mbwa wanaocheza, bei nusu ya wengine. Ukiuliza, unajibiwa haraka, "Nafasi zimebaki mbili. Tuma deposit sasa tukuwekee." Nambari ni ya mtu binafsi. Ukituma, simu inazimwa. Picha zile zilitolewa kwenye intaneti.

Hatuwezi kukuzuia kukubali bei nzuri, lakini tunaweza kukuomba ufuate mpangilio huu.

Kwanza, fika mahali penyewe. Usikubali kukutana na mtu kwenye kituo cha mafuta "aje amchukue". Angalia maji ya kunywa, kivuli, sakafu, ua kama unarukika, na kama mbwa wakubwa wametenganishwa na wadogo. Nusa. Pua yako itakuambia banda linaoshwa mara ngapi.

Pili, kama huwezi kufika, omba simu ya video ya moja kwa moja, si picha wala video iliyorekodiwa. Mwambie mwenye kituo atembee na simu kutoka geti hadi kwenye mabanda. Mwenye kituo cha kweli hatakosa dakika tano.

Tatu, soma jina kabla ya kuweka PIN. Ukilipa kwa Till au Paybill, jina la biashara huonekana. Likilingana na jina la kituo, endelea. Ukiambiwa, "Hiyo ni ya mke wangu" au "Till imekuwa na shida leo, tuma kwa hii nyingine," simama hapo. Kuna wanaosema ukweli, lakini hata mtu mkweli hatakasirika ukingoja hadi kesho.

Ukikosea nambari, omba kurudishiwa mara moja, kabla aliyepokea hajazitoa. Ila elewa tofauti: kutuma kwa nambari isiyo sahihi ni jambo moja, kukonwa na mtu uliyekusudia kumtumia ni jambo lingine. La pili lipelekwe kituo cha polisi na kwetu siku hiyohiyo, ukiwa na mesej ya malipo na mazungumzo yenu. Usiyafute kwa hasira.

Gawanya malipo

Tuchukue mfano. Kituo kinatoza shilingi 1,000 kwa siku pamoja na chakula. Unampeleka mbwa tarehe 12 Desemba na kumchukua tarehe 2 Januari.

Kabla ya chochote, kubalianeni namna ya kuhesabu. Ukihesabu usiku aliolala, ni 21. Ukihesabu kila tarehe, ukiwemo ule mchana wa kumchukua, ni 22. Tofauti ni shilingi 1,000, na ugomvi wake huzuka Januari wakati kila mtu hana kitu. Uliza pia kama kuna nyongeza ya bei siku ya Krismasi na Mwaka Mpya.

Tuseme mmekubaliana usiku 21, yaani shilingi 21,000. Unaweza kulipa hivi:

Shilingi 2,000 za kushika nafasi, baada ya kuona mahali.

Shilingi 5,000 siku ya kumpeleka, tarehe 12 Desemba. Hapo wiki ya kwanza imelipwa.

Shilingi 7,000 tarehe 19 Desemba, baada ya simu ya video ukamwona mbwa amesimama na anakula.

Shilingi 7,000 tarehe 2 Januari, ukiwa umeshika kamba yake mkononi.

Je, kituo kitakubali? Vingi vitakubali ukieleza mapema, lakini vielewe pia. Wenye vituo wana hofu yao: kuna watu wanaoacha mbwa na kupotea kabisa, simu haishikwi, na kituo kinabaki na mdomo wa kulisha. Ndiyo maana wanaomba pesa mbele. Malipo ya wiki kwa wiki huwalinda wote wawili. Kituo hakifanyi kazi ya bure kwa muda mrefu, nawe huna pesa zote mikononi mwa mtu mmoja.

Hizo shilingi 14,000 zilizobaki ziweke kando siku unayolipa deposit. Ukiziacha kwenye salio la matumizi, Krismasi itazila.

Chakula nacho kina hesabu yake. Kumbadilishia mbwa chakula ghafla humharisha, na siku za kwanza kituoni tayari zina wasiwasi wa kutosha. Kama ni mbwa wa kula gramu 400 za chakula kikavu kwa siku, siku 21 ni kilo 8.4. Mpe kituo mfuko wa kilo 10 wa kile alichozoea na uombe punguzo la bei. Kama amezoea ugali na omena, sema hivyohivyo bila aibu.

Dharura: hapa usikawie

Mpaka hapa tumekuambia uende polepole. Kwa dharura ni kinyume.

Mbwa wakubwa wenye kifua kirefu, kama German Shepherd, wanaweza kuvimba tumbo hadi likajisokota. Tumbo linakuwa gumu kama ngoma, mbwa anajaribu kutapika na hakitoki kitu, hatulii. Huo ni ugonjwa wa saa chache, si wa kungoja asubuhi. Homa ya kupe nayo huanza kimya: anakataa chakula, ana joto, ufizi unapauka, mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi. Ikishughulikiwa mapema, wengi hupona.

Sasa fikiria uko Busia, saa nne usiku, mtandao unapanda na kushuka, na mesej inaingia: "Mbwa wako amezidiwa, tuma 15,000 ya daktari haraka." Inaweza kuwa kweli. Inaweza pia kuwa mkora aliyeona tangazo lako la safari kwenye mitandao. Ukichelewa, mbwa anakufa. Ukitumia tu, unaweza kuliwa. Mtu hawezi kuamua vizuri akiwa katikati ya hofu kama hiyo. Kwa hivyo amua sasa, ukiwa bado mezani kwako na chai yako. Mambo ni manne.

Chagua daktari. Awe amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, na kituo kiwe na nambari yake. Uliza anafanya kazi tarehe 25 na 26 Desemba au atakuwa ushago kama wewe. Kama hatakuwepo, akupe jina la mwenzake.

Weka kiwango. Andika: "Daktari aanze matibabu bila kunipata, hadi shilingi 10,000. Zaidi ya hapo nipigiwe." Kiasi ni chako, kulingana na mfuko wako. La muhimu ni kwamba kituo hakingoji ruhusa yako kwa tumbo lililovimba.

Lipa daktari mwenyewe. Pesa za matibabu ziende kwa Till au Paybill ya kliniki, si kwa mtu wa katikati. Hifadhi nambari hiyo kwenye simu yako kabla ya safari. Mesej ikija na nambari nyingine, piga simu kliniki kwanza. Dakika mbili hizo hazitamuua mbwa, lakini zinaweza kumzuia tapeli.

Chagua mtu wa kushika nafasi yako. Dada, shemeji au rafiki aliyebaki mjini, ambaye anaweza kuamua na kulipa simu yako isiposhika. Mtumie yeye pesa za akiba kabla ya kuondoka. Usimpe mtu yeyote PIN yako, hata awe nani, na kumbuka sisi hatutakupigia kamwe kukuuliza PIN. Kama unatoka nje ya nchi, hakikisha laini yako itafanya kazi huko kabla ya kupanda ndege.

Mali bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mesej ya malipo ni daftari nzuri, lakini inasema tu nani alilipwa, kiasi gani na lini. Haisemi ni za nini. Ijazie wewe. Kila ukilipa, ipeleke kwa kituo kwa WhatsApp pamoja na mstari mmoja: "Malipo ya Simba, usiku wa 19 hadi 25 Desemba." Akijibu "Imefika, asante," mna makubaliano.

Siku ya kumpeleka, andikeni karatasi moja na muweke sahihi: jina la mbwa, rangi, umri, alama za mwilini, tarehe, bei, chakula, dawa, jina la daktari, kiwango cha dharura, na itakuwaje ukichelewa kurudi. Piga picha ya karatasi hiyo. Mpige mbwa pia picha akiwa amesimama, mbele na kando, na picha ya kadi ya chanjo. Akipotea, hizo ndizo zitakazosambazwa.

Usiku wa Mwaka Mpya fataki hulia, na mbwa wengi huruka ua kwa woga. Kiulize kituo kina mpango gani: wanaingizwa ndani saa ngapi, nani analala pale. Mbwa awe na mkanda shingoni wenye nambari ya mtu aliyebaki mjini, si yako ambayo huenda haipatikani.

Na kama wewe ndiye mwenye kituo

Wateja wetu wengine ndio wanaopokea hao mbwa, na kwao tuna maneno machache. Tumia Till ya biashara badala ya nambari yako binafsi. Mteja akiona jina la kituo, anatulia. Usimkabidhi mtu mbwa kwa kuonyeshwa mesej kwenye simu yake, maana mesej hughushiwa. Angalia salio lako mwenyewe au mesej iliyoingia kwako. Andika bei yako ukutani, pamoja na nyongeza za sikukuu.

Mteja akichelewa kulipa, mbwa bado ale. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inahesabu kumnyima mnyama chakula au maji kuwa ukatili, na deni la mwenyewe si kisingizio. Ndiyo sababu jina la mtu wa pili ni lazima liwe kwenye karatasi tangu siku ya kwanza.

Siku ya kumchukua

Usifike mbio, ukalipa na kuondoka. Mpapase mbavu, angalia masikio na katikati ya vidole kama kuna kupe, tazama macho na anavyotembea. Kupungua kidogo ni kawaida kwa mbwa aliyemkosa mwenyewe. Mbavu kutokeza, vidonda au kukohoa si kawaida. Yaseme hapohapo, mwite daktari mkikubaliana, kisha malizeni hesabu. Kama alitunzwa vizuri, lipa bila kuzungushana na uweke nafasi ya Aprili mapema. Mtu mwaminifu wa kuachiwa mbwa hapatikani kila siku.

Kabla ya kufunga geti, pitia haya kwa mara ya mwisho:

Chanjo zimekamilika, na kadi iko kituoni.
Umeona mahali kwa macho yako au kwa video ya moja kwa moja.
Jina kwenye Till linalingana na jina la kituo.
Malipo yamegawanywa, na yaliyobaki yamewekwa kando.
Daktari, kiwango cha dharura na mtu wa pili vimeandikwa.
Nambari ya Till au Paybill ya kliniki iko kwenye simu yako.

Yote sita yakiwa tayari, washa gari. Simu ya saa nne usiku huenda isipigwe kabisa, na ikipigwa, utajua la kufanya. Safari njema.